Umbea Uliofumba Macho

Msusi alikuwa na mikono myepesi, ila ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Mwenyewe alijijua. Kila asubuhi kabla ya kushika kitana aliomba, "Bwana, leo unifunge mdomo." Kazi yake ilitaka hivyo, maana mtu akishakaa chini kusukwa, kichwa kati ya magoti ya mwenzake, humwaga mambo ambayo hata mumewe hajawahi kuyasikia.

Jumamosi moja alikuja wifi yake, mke wa kaka yake mwalimu wa kwaya.

"Leo nisuke kwa huruma, wifi. Safari ile ulinivuta nikalala macho wazi kama samaki."

"Uzuri hauji bure. Kaa hapo."

Alipofumua nywele za kisogoni, mikono yake ikasimama. Palikuwa na kiwaraza, ngozi tupu inayong'aa.

"Wifi, nini hiki?"

Mabega ya wifi yakaanza kutikisika. "Nazing'oa mwenyewe. Kaka yako hasemi nami. Nimekaa naye meza moja, anawaambia watoto, 'Mwambieni mama yenu chumvi imezidi.' Hapo mkono wangu unakwenda kisogoni, wala sina habari." Akageuka akamshika goti. "Usimwambie mtu. Hata mama mkwe."

"Hilo nitakufa nalo."

Akasuka mistari ya pembeni, akaipitisha juu ya kile kiwaraza, kikafichika kabisa.

Kesho yake kanisani alimtazama kaka yake akiongoza wimbo, uso umejaa tabasamu, naye akajiuma mdomo. Jirani alipomuuliza habari za kwa kaka, akageuza maneno akasifia mvua. Aliona ameshinda. Akajipongeza moyoni, na anayejipongeza mapema husahau kutia komeo mlangoni.

Alhamisi wanamaombi walikutana sebuleni kwa mama kiongozi. Desturi yao, kabla ya kufumba macho, kila mmoja hutaja ombi lake. Huyu goti linauma, yule mwanawe ana mtihani. Zamu ilipomfikia msusi, mwanamke mmoja akadakia.

"Na huyo wifi yako? Siku hizi anakuja amechelewa, anaondoka wa kwanza."

"Labda ana mimba," mwingine akasema.

"Mimba wapi! Mke wa mwalimu wa kwaya, unadhani mchezo? Atakaa na sisi kina yakhe?"

Wakacheka. Wanangu, hapa msome polepole. Shetani hakumjia msusi na pembe. Alimjia na huruma. Akajiambia, mbona wanamsema vibaya, si nimtetee? Na kumwombea mtu kuna dhambi gani?

"Msimcheke," akasema. "Mwombeeni. Nyumba yake ina mtihani. Kaka yangu hasemi naye, mpaka mwenzenu anang'oa nywele zake mwenyewe."

"Yesu wangu!" wakaitikia wote kwa pamoja. Midomo ilisikitika, lakini macho yaling'aa kama ya watu walioletewa sinia. Na yeye msusi, Mungu amsamehe, alisikia raha ya kutazamwa.

Wakafumba macho. Mama kiongozi akapaza sauti: "Bwana, fungua kinywa cha mume yule!" Mwingine akaongeza: "Na nywele zile, Baba, wewe uliyezihesabu, uzirudishe kisogoni!"

Msusi alishindwa kufumba macho. Ndiyo maana aliona peke yake. Mlangoni alisimama wifi, viatu mkononi, amechelewa kama kawaida yake. Mkono wake mwingine ulipanda taratibu hadi kisogoni, ukatulia pale. Waliposema amina, naye akasema amina kwa sauti ndogo. Kisha akavaa viatu, akaondoka.

Habari haikulala. Jioni ileile kaka aliisikia kwa mume wa mmoja wa wanamaombi. Tangu hapo hata kwa watoto hakupitisha neno. Alihamishia mto na shuka sebuleni.

Kesho yake msusi alimkuta wifi uani, anaanika nguo.

"Nisamehe, wifi. Nilisema ili wakuombee."

"Ulisema ili usikilizwe." Akakung'uta shati la mumewe, akalibana kwenye kamba. "Nimekusamehe. Nisipokusamehe, Baba Yetu nitaisali vipi? Lakini kichwa changu hutakishika tena."

Msusi alirudi kwake, asijue aweke wapi mikono yake. Msamaha amepewa, lakini usingizi hakupewa.

Alhamisi iliyofuata sebule ilijaa kuliko siku zote.

"Haya, mama," kiongozi akasema, "wifi yako anaendeleaje? Tujue, tuombe kwa kulenga."

Shingo zikanyooka. Habari ya mto na shuka msusi alikuwa nayo, aliipata kwa watoto wa kaka yake. Ilimpanda hadi kwenye meno. Akausikia utamu wake, akaimeza.

"Sina ombi la mtu," akasema. "Nina langu. Wiki iliyopita nilileta umbea hapa, nikaufumbisha macho, nikauita maombi. Niombeeni mimi."

"Kwa hiyo sisi ni wambea?" mmoja akafoka.

"Nimejisema mimi."

Mama kiongozi akakohoa. "Tusimame tuombe." Waliomba kwa ufupi sana, wala msusi hakutajwa. Kutoka, hakuna aliyeongozana naye.

Jumamosi alikuwa barazani akimsuka mteja, wifi akapita njiani amejifunga kitambaa kichwani.

"Hujambo," akasema wifi.

"Sijambo."

Mteja akainua shingo. "Huyo si wifi yako? Mbona salamu kavu hivyo? Kuna nini?"

Msusi akagawa nywele upya kwa kitana.

"Inamisha kichwa," akasema, akaendelea kusuka.