Trei ya Shangazi

Tangu siku alipoingia chuoni, shangazi yake alimwita Mhandisi. Lilianza kama utani, kisha jina likamganda. Waliishi nyumba moja pamoja na mama yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka akaifunika cherehani kwa shuka. Wateja aliwaambia macho yamechoka. Ukweli ulibaki ndani ya nyumba, na hata humo haukuzungumzwa.

Basi darasani wakapewa kazi: kila mmoja abuni kifaa cha mbao cha nyumbani kwa ajili ya mtu anayemfahamu, kisha akikate kwa mashine ya leza. Mhandisi hakuumiza kichwa. Angemtengenezea shangazi trei yenye matundu ya kukalisha vikombe, visiteleze.

Aliichora kwenye kompyuta, akalaza plaiwudi ndani ya mashine. Mwale ukapita juu ya mbao ukiacha harufu ya moshi na kingo za kahawia. Trei ya kwanza ilikuwa kichekesho. Alikuwa amepima mdomo wa kikombe badala ya kitako, vikombe vikayumba ndani ya matundu kama kichwa cha mtoto ndani ya kofia ya babu. Ya pili ilikaa sawasawa. Akazipiga kingo msasa, akabandika vishikio kwa gundi, akajisikia fundi kweli.

Lakini mwalimu alitaka na ushahidi wa tatizo lenyewe. Asubuhi moja Mhandisi akasimama nje ya mlango wa jikoni na simu yake, akamrekodi shangazi akimimina chai: birika likigonga kikombe, chai ikitapakaa mezani, shangazi akigeuka upesi kutafuta kitambaa afute. Hakumwomba ruhusa. Alijiambia ni ya darasani tu, nani atajua.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Mama yake alibanwa na kazi, na bila kumwarifu Mhandisi akamwomba shangazi aende badala yake. Mhandisi alikuwa mbele, taa zimezimwa, ile mikono ya kwenye video imejaa ukuta mzima, ndipo alipomwona shangazi safu ya nyuma katika gauni lake la kijani, mkoba mapajani.

Angeweza kuizima. Kidole hakikusogea. Video ikaenda mpaka pale shangazi anapogeuka na uso wake kuonekana.

"Si yule fundi wetu huyu?" mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, ila mnong'ono wake ulifika mbele. "Kumbe ni mikono. Mimi aliniambia macho." Akageuka, akamwona shangazi, akarudisha uso mbele upesi.

Shangazi aliificha mikono chini ya mkoba. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasifu jinsi mwanafunzi wake alivyomwelewa mtumiaji, na kadiri alivyosifu ndivyo Mhandisi alivyozidi kutamani ardhi ipasuke immeze.

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani shangazi akauliza, "Ulinirekodi lini?"

"Wiki iliyopita, shangazi. Nisamehe."

"Nilikuwa najificha kwa watu wa nje," akasema, wala hakupandisha sauti. "Wewe sikukuhesabu mtu wa nje."

Kesho yake Mhandisi alimwendea mwalimu, akamwomba aiondoe video kwenye kazi yake. Mwalimu akamkumbusha kwamba bila ushahidi alama zitashuka.

"Zishuke tu, mwalimu."

Alirudi kumwambia shangazi kwamba imefutwa kila mahali.

"Na walioiona, umewafuta?"

Kwa siku kadhaa walisalimiana kama wapangaji. Trei alikuwa ameisukumia uvunguni mwa kitanda, kwani kila akiiona uso ulimwaka moto.

Jumapili moja shangazi alimwita mezani. "Lete hicho kitu chako. Mbao haina kosa."

Shangazi akapanga vikombe kwenye matundu, akamimina. Birika liligonga, matone mawili matatu yakadondokea kwenye mbao, ila vikombe havikuhama. Akaivuta trei karibu, akapapasa kishikio.

"Hapa pananikwaruza," akasema. "Papige msasa tena."

"Ndiyo, shangazi."

Mhandisi alijibu akiwa ameukazia macho ukuta. Hakuthubutu kuitazama ile mikono.