Siku Feni Zilipowashwa

Klabu ilinipigia simu: Jumapili nituzwe, eti mwanamke wa kwanza wa jiji letu la Nagpur kwenda kucheza badminton ng'ambo. Nilishinda nimenuna siku nzima. Mume wangu akadhani presha imepanda.

Wa kwanza alikuwa awe Vatsala Kelkar. Mei 1958, fainali ya wasichana, mshindi apande ndege kwenda nchi ya Malaya. Seti ya tatu Vatsala aliniongoza sita kwa mbili, kanikimbiza mpaka ulimi nje. Tulikuwa tumeshabadilishana upande kwa mara ya mwisho. Ndipo akaingia mgeni rasmi, jaji fulani na mkewe, na mwenyekiti wetu, Bwana Sathe, akaamuru feni ziwashwe. Zilikuwa kubwa, za ukutani, nyuma yangu. Upepo wote ukampiga Vatsala usoni. Kila kinyoya, ndio mpira wetu, alichokipiga juu kilifia katikati, nami nikakigongelea chini.

Vatsala akasimama. "Mwenyekiti, zima feni!"

"Mke wa jaji anaungua na joto, binti. Mchezo wenyewe wa wasichana, unataka dunia isimame?"

Watu wakacheka. Washenzi wale, na nusu yao walikuwa na mabinti nyumbani.

Refa akanigeukia. "Wewe je, Pramila, zinakusumbua?"

Vatsala alikuwa ananitazama. Refa angenisikia tu nikisema ndiyo, zingezimwa.

"Mimi sina neno," nikasema.

Nilishinda kumi na moja kwa nane. Fainali ya wanaume ilipofika, Sathe alizima feni kwa mkono wake mwenyewe, na mke wa jaji akajipepea kwa gazeti. Hakuna aliyecheka.

Mimi nikaenda Malaya, nikarudi na picha magazetini. Vatsala hakuchaguliwa tena hata mara moja. Walisema ana mdomo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetimiza miaka arobaini na bado inapigiwa makofi.

Jumamosi nilikwenda kwake. Alinipa chai, akakaa mbali.

"Vatsala, nisamehe."

"Miaka yote hii unapita mtaa huu, leo ndiyo umeuona mlango?"

"Niliogopa. Nilitaka ile ndege."

"Hilo nalijua, Pramila, nilikuwepo! Unaniambia mimi ili iweje? Kawaambie wao. Kesho watakupa kipaza sauti."

"Nitawaambia. Naapa kwa wanangu."

"Haya. Nitakuja kusikiliza."

Akaja kweli, akakaa mstari wa tatu. Wakanivisha shali, wakanishikisha nazi ya heshima, watu mia tatu wakasimama kunishangilia. Nikashika kipaza sauti, nikamwona, nikafungua kinywa.

Nikawashukuru wazazi wangu, klabu, na marehemu Bwana Sathe.