Maneno Yaliyozidi Kituo cha Tisa

Mwenyeji njoo, mgeni apone.

Najua kwetu inavyosemwa. Nimeigeuza makusudi. Mgeni ni mimi, ninayeumwa ni mimi, na mji huu una wenyeji wengi mno.


KITUO CHA 1: MTO
*(sauti ya kike, Kiswahili, sekunde arobaini)*

Karibu Melaka. Lipe daraja mgongo. Wenyeji husimulia kwamba zamani, mwana wa mfalme aliyekimbia kwao alipumzika chini ya mti karibu na mto huu. Mbwa wake wakamkurupusha paa mdogo. Paa hakukimbia. Aligeuka, akampiga mbwa teke, mbwa akatumbukia majini. Mkimbizi akasema: hapa ndipo. Akajenga mji, akaupa jina la ule mti.

Sasa fuata majengo mekundu.


2.

Sauti hiyo ni yangu. Nakijwa Mshana, wa Same, stashahada ya utalii. Kampuni yetu, huku kwa Wamalei, inaazimisha watalii hedifoni: unachagua lugha, unaongozwa mji mzima bila kuongea na mtu. Lugha ishirini na sita. Ya ishirini na sita niliirekodi mimi. Baada ya hapo wakaniweka kaunta, nafuta hedifoni kwa kitambaa.


LUGHA ZILIZOAZIMWA, JUMANNE

Kichina      61
Kiingereza   48
Kikorea      17
Kiholanzi     3
Kiswahili

Hata sifuri hawaandiki.


KITUO CHA 4: OFISI YA WAHOLANZI

Wareno waliuteka mji mwaka 1511. Mwaka 1641 Waholanzi wakawatoa Wareno. Kisha wakaja Waingereza, wakailipua ngome kwa baruti, likabaki lango moja, ndilo utakalolipiga picha. Kila aliyefika alimkuta mwenyeji, na kila mwenyeji

*(Kata hapo. Sekunde zimekwisha.)*


KAUNTA, ASUBUHI

Kak Faridah anauza tiketi dirisha la pili. Kak ni dada mkubwa, kwa Kimalei.

"Hiyo lugha yako inasemwa na watu wangapi?"

"Zaidi ya milioni mia, Kak."

"Wako wapi?"

Sote wawili tukatazama mlango. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.


6.

Miezi kumi na minne bila kusalimiwa kwa Kiswahili. Simu ya nyumbani usiihesabu. Mama huongea haraka, akiogopa bando litakatika, na mtu anayeharakisha hasalimii, anatoa taarifa.

Mwezi Mei waliniambia nirekodi upya kituo cha tisa, kulikuwa na mvumo wa feni. Nikaingia studio peke yangu.


KITUO CHA 9: KILIMA
*(toleo jipya)*

Hili ni kanisa la Wareno. Dari halina. Mawe yaliyoegemezwa ukutani yalitoka kwenye makaburi ya Waholanzi, mengine ni marefu kukuzidi. Soma majina. Walikufa mbali na kwao.

            *(kimya)*

Ndugu unayesikiliza. Haya hayamo kwenye maandishi. Kama unanielewa, shuka, pita langoni, njoo kaunta ya hedifoni. Nipo mpaka saa kumi na moja jioni. Usilete kitu. Nisalimie tu.


Juni.


Julai.


AGOSTI, SAA TISA ALASIRI

"Hodi hapa. Ni wewe unayeita watu makaburini?"

Mama wa makamo, kitenge cha zambarau, raba kama za mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saumu Shekiondo, wa Lushoto. Nimeona Kiswahili kwenye mashine nikadhani utani, nikabonyeza. Wewe wa wapi?"

"Same."

"Mpare! Nilijua. Nani mwingine angedai salamu kama yuko kortini?"

"Nawe Msambaa umetoka kwenu mpaka huku, ukaona kilima ukapanda."

"Kilima gani? Kile kichuguu. Kwetu tungekuwa tumeshapanda maharage."

Akaniuliza habari za nyumbani. Nzuri. Za kazi. Nzuri. Za afya. Nzuri. Za tangu asubuhi. Nikaanza kusema nzuri, ikanishinda, nikalia juu ya hedifoni safi.

Hakuniambia nyamaza. Alichukua kitambaa changu akafuta zile zilizobaki.

Basi lake la Singapore liliondoka saa kumi na nusu.


MAONI YA WAGENI
*(kompyuta ya mlangoni, nyota tano kati ya tano)*

Mji mzuri. Makaburi yamepangwa vibaya. Yule binti wa kituo cha tisa anayeita watu wakamsalimie apewe cheo. S. Shekiondo.


11.

Maoni yote hutafsiriwa na mashine, kisha humfikia meneja.

Bi Saumu alinisifu. Hivyo ndivyo nilivyojulikana.


YAH: MANENO YASIYOIDHINISHWA

1. Imebainika kuwa Kituo cha 9 (Kiswahili) kina sekunde kumi na tisa zisizomo katika lugha nyingine 25.
2. Kifaa cha Kampuni hakipaswi kumwomba mgeni jambo lolote.
3. Unatakiwa kuomba radhi kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usipofanya hivyo, Kampuni haitaomba upya kibali chako cha kazi.


OFISI YA MENEJA, MLANGO WAZI

"Mistari miwili, Nakijwa. Naweka kwenye faili, tunasahau."

"Puan Norlida," nikamwita bibi kwa Kimalei, "nitakuwa nimekiri kosa gani?"

"Ulimwomba mgeni."

"Nilimwomba salamu."

"Mimi nakusalimia kila siku."

"Kwa Kimalei, Puan. Nashukuru. Nakuitikia kwa Kimalei."

Meneja si mtu mbaya, useme hivyo ukisimulia.

"Ijumaa," akasema.


14.

Wewe unayesoma ungeandika. Mistari miwili, mwaka mwingine wa kibali. Mama naye kasema andika, kuomba radhi si kufa, na Kak Faridah kaniletea kalamu.

Nimeichukua.


KWA MENEJA
Kuhusu sekunde kumi na tisa

Leo nimepanda kilimani nikazisikiliza, nimesimama kati ya mawe na Wakorea wanaopigana picha. Mvumo wa feni haupo tena. Sauti ni yangu, maneno ni yangu, na Kiswahili chake ni sanifu.

Mtu mmoja aliitika. Mkizifuta, wa pili hatajua pa kuja. Kibali ni chenu, mna haki ya kutokiomba.

Siombi radhi.

N. Mshana