Albamu ya Radi na Beseni la Viazi

Wenzake wa bendi walimwita Radi, na hawakumwonea. Alikuwa mtu wa miraba minne, na akikaa nyuma ya ngoma zake, mabati ya jirani yalitikisika. Bendi yao ilipiga roki, muziki ambao mama yake aliwaeleza majirani kuwa ni ugomvi wenye mpangilio. Lakini mama huyo hakukosa onyesho. Kila akirudi alinung'unika, "Mwanangu nilimzaa mzima, na uso na miguu. Jukwaani naonyeshwa kipara tu, kinachungulia juu ya matoazi."

Radi alicheka, ila neno lilimwingia. Akaona atoe albamu yake mwenyewe, ya kwanza, aimbe yeye, mama amsikie angalau mara moja kabla masikio yake hayajachoka kabisa. Albamu akaiita Mimi. Akatunga, akapiga ngoma, akapiga na gitaa, akaimba. Kazi ikaenda vizuri mpaka ilipofika siku ya kuchanganya sauti, kule studio kwa fundi mitambo.

Fundi akipandisha uimbaji, Radi anasema, "Punguza kidogo, kaka." Akipandisha ngoma, Radi anatikisa kichwa kwa raha, "Hapo hapo!" Punguza kidogo, punguza tena, mwisho uimbaji ukawa kama mbu aliyefungiwa kabatini. Mazoea yana taabu: mtu aliyezoea kukaa nyuma, hata ukimpa nyumba nzima atatafuta kona.

Ilipobaki siku moja albamu ipelekwe ikatolewe nakala, Radi aliwaita watu nyumbani waisikilize. Alikuja mama. Alikuja fundi na begi lake la nyaya. Alikuja pia Madaha, mwimbaji wa bendi, mtu asiyeweza kupita mbele ya kioo bila kusalimiana nacho. Mke wa Radi, mshonaji, alisimamisha cherehani yake pale sebuleni ili asikie.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Vikombe vikalia kwenye visahani. Wote wakasikiliza kwa adabu, kama watu waliopewa chai isiyo na sukari.

"Ngoma tamu," alisema Madaha ulipokwisha. "Ila huyo anayeongea kwa mbali ni nani? Jirani?"

"Ni mimi," alisema Radi.

Mama alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. "Albamu inaitwa nani vile?"

"Mimi, mama."

"Basi mpigieni simu huyo Mimi. Mwambieni tumeshaketi, tunamngoja yeye tu."

Wakaangua kicheko. Radi naye alicheka. Alimtazama mama yake, kile kiganja bado kipo sikioni. Albamu ikiondoka hivi, atakuwa amempa kipara kile kile, safari hii cha kusikiliza.

"Iache, kaka," alimwambia fundi. "Haiendi kokote. Mimi ni mtu wa ngoma."

"Wa ngoma?" mkewe alidakia. "Na yule anayeimba jikoni kwangu ni nani?"

"Wewe nawe!"

"Shemeji, hebu rudia," alisema Madaha akisogeza kiti. "Jikoni?"

"Akimenya viazi. Huimba mpaka nasimamisha mashine. Akishtuka kwamba nasikiliza, kimya."

Fundi alipiga paja. "Ndiyo maana! Studio nikimwambia aimbe bila ngoma, mikono inahangaika kama imepotezwa sokoni. Anapiga mapaja, anapiga meza, na sauti inajificha humo humo."

Radi akanyoosha mkono kuchukua vijiti vyake vya ngoma, apate walau cha kushika. Havikuwepo.

"Nimevikalia," alisema Madaha. "Vinaniumiza, kwa hiyo fanya haraka. Nenda jikoni."

"Unacheka nini, Madaha? Nikishaimba utakula wapi?"

"Imba kwanza ndugu yangu, njaa yangu niachie mwenyewe."

Beseni likajazwa viazi. Fundi akaning'iniza kipaza sauti kwenye msumari wa kutundikia chujio, akakifunga kwa utepe wa kupimia nguo, kisha akarudi sebuleni na visikilizio vyake. Radi akaketi kwenye kigoda, kisu mkononi. Kiazi cha kwanza alikimenya kimya kama anayepasua jipu. Cha pili akaguna. Sebuleni mkewe akakanyaga cherehani kidogo, kumdanganya kwamba watu wana shughuli zao. Kiazi cha tatu kikamkuta anaimba.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango wa nyumba unayoijua.

"Sufuria zako zina mabonde, mama,
nilizipiga, nawe hukuzificha."

Sebuleni Madaha aliacha kujikuna. Mama akashusha kiganja sikioni. Akainuka polepole, akavuta kiti chake mpaka mlangoni pa jikoni, akaketi amempa mwanawe mgongo, kama mtu aliyekuja kupunga upepo tu.

Radi alimwona. Kisu kikasita. Mikono ikatafuta ngoma, ikakuta kiazi. Akakimenya, akaendelea kuimba.

Viazi vikaisha, nyimbo bado. "Leteni vingine!" Madaha alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Mke akaenda kuazima kwa jirani. Fundi alisema hizi ndizo atakazopeleka kesho, ngoma atazirudisha nyuma, ila itabidi aufute mkwaruzo wa kisu.

"Thubutu!" alisema mke. "Ukikiondoa kisu utamwondoa na yeye."

Wimbo wa sufuria ukarudiwa mara nyingine, kwa uhakika. Ulipokwisha, mama alizungumza bila kugeuka.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua ni wewe uliyezibonda sufuria. Miaka yote ukimsingizia paka."

"Nilijua, mama."

"Paka wa watu akapigwa mafagio." Kisha akaongeza, "Lakini nimekusikia. Neno kwa neno."

Radi akainamia beseni, kipara kinang'aa kwa jasho.

Mama akageuza kiti, akamkabili, akamtazama usoni kwa raha zake. "Haya, imba ule mwingine. Na hicho kiazi kirudie, umekiachia maganda."