Kistari cha Desanka

"Inafunguka vizuri, inaanza kuhesabu, halafu paa! Inajifunga yenyewe," Desanka alisema. "Tangu Jumatatu, Tiho. Nimeizima na kuiwasha mpaka kidole kinauma."

"Umejaribu kuitukana?"

"Matusi yote ninayoyajua. Na ya marehemu baba pia."

Tihomir, fundi wa kompyuta wa halmashauri, alicheka, akabonyeza. Rejista ya makaburi ikafunguka, ikaanza kupiga hesabu ya miaka aliyoishi kila marehemu, kisha ikatoweka. Ikabaki picha ya bahari ya Montenegro, ambako Desanka na mumewe walikwenda mara moja tu.

Programu hiyo aliitengeneza mumewe, Sreten, karani wa makaburi kabla yake. Hakuisomea kazi hiyo. Alinunua kitabu, akajifungia nacho majira mawili ya baridi, akatoka na rejista. Makaburi ni elfu tatu na mia nane, na kila moja aliliwekea kisanduku cha maelezo: "Pita bomba la maji, geuka penye mplamu ulioinama." "Mjane wake huja Alhamisi jioni, usimfungie lango." Sreten alifariki Oktoba ya mwaka jana. Siku nyingine Desanka huyasoma maelezo hayo bila sababu yoyote ya kikazi, kwa sababu humo ndimo mumewe anamoongea bado.

"Nikwambie ukweli, dada Desa," Tihomir alisema, safari hii bila mzaha. "Isipopona leo, kesho mkurugenzi analeta programu mpya. Itachukua majina na namba za makaburi, basi."

"Na maelezo?"

"Haina mahali pa maelezo."

Keshokutwa ilikuwa Jumamosi ya Marehemu, siku ya kuzuru makaburi. Watu wangerudi kutoka Vienna na Stuttgart na mishumaa yao na ngano ya kuchemsha, waulize shangazi yao kalazwa wapi. Lakini si hao aliowafikiria Desanka; alifikiria maelezo.

"Basi tusikae hivi," alisema.

Tihomir alishikilia kitufe kimoja, akaifungua rejista kwa mlango wa nyuma, bila hesabu. "Kuna jina moja humu linaloiangusha. Usiguse rejista yenyewe, fanyia kwenye nakala. Gawa nusu kwa nusu. Nusu ikifunguka bila kujifunga, hiyo ni nzima, ugonjwa uko kwenye ile nyingine." Simu yake ikalia, mashine ya kuchapa ya meya ilikuwa imemeza karatasi tena. Akaondoka akilaani.

Desanka aligawa. Nusu ya kwanza ikasimama imara. Ya pili ikaanguka. Akaigawa hiyo, akaigawa tena. Wengi aliwajua: mwokaji aliyekuwa akimwongezea mkate, mwalimu wa hesabu aliyemfelisha, mapacha wa mwaka wa homa. Kila kundi liliposimama alilishukuru kwa sauti. Saa sita mchana yalibaki majina manne, yote ya safu ya kumi na nne, safu alimolazwa Sreten. Yakabaki mawili. Likabaki moja.

Desanka Pavić. Amezaliwa 1957. Amefariki: —

Jiwe la Sreten lilikuwa limesimamishwa Jumapili, siku ya kutimiza mwaka. Mchongaji alimchonga mke pamoja na mume, kama inavyofanywa kwa kila mtu hapa: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu mbele yake. Hakuna anayeshtuka, wapo wanaomwagilia maua kwenye mawe yao wenyewe. Jumatatu Desanka alifungua rejista kunakili maandishi ya jiwe. Macho yalijaa machozi, mkono ukanakili yote. Programu ilitaka mwaka, ikapewa kistari.

Tihomir aliporudi alimkuta akiliangalia jina hilo.

"Umempata?"

"Nimempata. Ni mimi."

Akainama, akasoma, akavua kofia. "Dada Desa, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Desanka akacheka huku analia. "Nilikuwa nanakili jiwe tu, Tiho."

"Sikiliza. Naweza kuifundisha iruke kistari. Ubaki humo, karibu naye. Hakuna atakayejua." Akapapasa ukingo wa kofia. "Au ujifute."

Desanka angependa kubaki; asingemdanganya mtu kuhusu hilo. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza wa rejista, ambako Sreten alikuwa ameandika masharti yake kwa karani atakayekuja. La tatu lilisema: "Walio hai waishie kwenye jiwe. Humu hawana kazi."

"Mkaidi," akamwambia mumewe.

Akarudi kwenye jina lake, safari hii kwenye rejista yenyewe, akabonyeza kufuta. Katika kazi yake alikuwa hajawahi kumfuta mtu, kwa hiyo swali lililotokea hakuwahi kuliona. Lilikuwa la Sreten, neno kwa neno alivyokuwa akiongea:

"Una hakika? Kaa kwanza, unywe kahawa."

Desanka akavuta kikombe. Kahawa ilikuwa imepoa tangu asubuhi. Akainywa taratibu mpaka machicha yakaonekana, ndipo akabonyeza "Ndiyo".

Hesabu ikaanza. Ikapita mia tatu, ikapita elfu, ikaendelea.