Risasi Tatu za Mjomba

Nisikilizeni mimi, kwa sababu mtaani wanalisimulia hili vibaya mno, tena wanaolisimulia hawakuwepo. Naitwa Allah Wasaya, mwandishi wa habari wa hapa Multan, wale wa kulipwa kwa habari, si kwa mwezi. Miaka kumi na sita nimeitumikia televisheni moja ya Lahore, na miaka yote hiyo nimekuwa nikigombana na watu wa nje. Nikisoma gazeti lao linasema Pakistan ni nchi ya risasi, mori unanipanda. Naandika barua. Kuna mhariri mmoja nilimwandikia barua nane mpaka akanijibu kuwa amenielewa, inatosha. Sisi ni watu wa maembe, bwana! Wa halua, na mawaridi, na makaburi ya mawalii. Kwa nini kila siku tuonyeshwe moshi?

Ndiyo maana wiki ile nilikuwa kama mtu mwenye harusi mbili. Ya kwanza ni ya mpwa wangu Shabbir, mtoto wa dada yangu Bakhtawar. Ya pili ilikuwa ya mji mzima: timu ya kriketi ya wageni ilikuwa imekuja kwetu, baada ya miaka kumi na moja ya kukataa hata kukanyaga. Walifikia hoteli kubwa ng'ambo ya mfereji, na ukisimama barazani kwa dada unaiona bendera yao. Mabango yalijaa kila njia panda: KARIBUNI NCHI YA AMANI. Mengine niliyatunga mimi.

Polisi walipita na vipaza sauti wakitangaza marufuku ya kufyatua risasi harusini. Marufuku hiyo ipo siku zote, lakini safari hii waliitangaza kwa kusihi. Nami nikaitangaza kwenye televisheni, nikaongeza langu: "Kila raia ni mlinzi wa sura ya nchi yake." Lo, maneno yale niliyapenda mwenyewe. Nilikuwa nayarudia nikinyoa ndevu.

Sasa, katika ukoo wetu bwana harusi hatoki nyumbani mpaka mjomba wake ampe ruhusa. Zamani za mababu ruhusa ilitolewa kwa upanga. Siku hizi ni risasi tatu hewani. Mjomba asipopiga, farasi haondoki.

Saa tisa kasorobo mchana Shabbir alikuwa juu ya farasi, shada la noti shingoni, anatoka jasho japo ni Desemba, majira yetu ya baridi. Ngoma zilikuwa zimepamba moto. Shemeji yangu Mureed, baba wa bwana harusi, mtu wa kuuza marumaru lakini anajiona jemadari, akanijia na kitu kimefunikwa kwa shali.

"Haya mjomba mtu, kazi yako hii."

"Shemeji, una wazimu? Wageni wako pale!"

"Si wako ng'ambo ya mfereji? Tunapiga juu, hatuwapigi wao. Au mbingu nayo imeshakuwa ya serikali?"

"Polisi wamekataza. Mimi mwenyewe nimetangaza!"

Mureed akageukia watu, mikono kiunoni. "Jamani, sikilizeni! Mjomba kawa waziri, anatusomea sheria!" Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa upande wao akapaza sauti kutoka nyuma, "Mleteeni bangili avae, bunduki tutapiga sisi!"

Ningevumilia yote hayo. Nimeshatukanwa na mawaziri wa kweli. Lakini dada Bakhtawar akanisogelea, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Wasaya, baba hayupo. Kaka mkubwa hayupo. Miaka ishirini na sita naingoja siku hii, na niliyekuwa namngoja ni wewe. Unataka waseme mwanangu katoka nyumbani kama mtoto asiye na kwao?"

Sitajitetea. Niliichukua. Pa! Pa! Pa! Na kwa kuwa nimeapa kusema kweli, nitaisema yote: ilikuwa tamu. Watu walishangilia, Shabbir alinitazama kama nimempa dunia, farasi akaondoka. Moyo wangu ulijaa.

Farasi hajafika hatua hamsini, simu ikalia. Ni Tauqeer, mkuu wangu wa chumba cha habari kule Lahore.

"Wasaya! Kuna milio ya risasi karibu na hoteli ya wageni. Uko wapi?"

"Niko karibu, lakini bwana Tauqeer, hizo risasi..."

"Safi sana. Uko hewani sasa hivi."

Nikamsikia mtangazaji akinitaja jina, ananiuliza hali ikoje. Bunduki bado iko begani kwangu, ya moto. Nami nikasema, "Ni kweli, milio ya risasi imesikika. Waliohusika hawajajulikana." Sentensi hiyo nimeisema miaka kumi na sita, ulimi unaijua njia yake. Dada alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama mdomo.

Nikaificha bunduki kwenye pipa la mchele, nikaokota maganda matatu ya risasi nikayatia mfukoni, kisha nikakimbilia duka la chai penye televisheni. Utepe mwekundu ulikuwa umeshatandazwa chini ya kioo: SHAMBULIO KARIBU NA HOTELI YA WAGENI. Stesheni nyingine ikasema ni watu wawili juu ya pikipiki. Nyingine ikawavalisha watu hao makoti meusi. Nusu saa haijapita, akaletwa mtaalamu mmoja, uso umekunjamana, akasema ukilitazama tukio hili kwa makini utaona kuna mkono wa nje. Mkono wa nje! Nikautazama mkono wangu.

Kisha wakaunganisha na televisheni ya ughaibuni, na hapo nikashika kichwa. Walikuwa wanaonyesha moshi mzito juu ya mji, wanasema ni Multan. Nami moshi ule naujua! Ni wa tanuri la matofali, nje ya mji. Niliupiga picha mimi mwenyewe mwaka juzi nikilalamikia hewa chafu.

"Wageni wanafunga virago," mwenye duka akaniambia. "Kikao kipo sasa hivi. Saa kumi na moja watasema kama wanabaki au wanaondoka."

Nilikaa, nikasimama. Niliagiza chai, nikaiacha. Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nikisema ni mimi, nalala rumande, na kazi kwaheri. Polisi nao watakwenda kuusimamisha msafara mlangoni kwa bibi harusi, aibu ya kuzikana nayo. Nisiposema, wageni wanaondoka kwa uongo nilioutamka kwa kinywa changu, na miaka mingine kumi na moja tutaitwa nchi ya mabomu. Na safari hii nitamwandikia nani barua?

Nikampigia Tauqeer. "Ni mimi," nikamwambia.

"Wewe nini?"

"Niliyepiga. Ni harusi ya mpwa wangu."

"Wasaya, umelewa?"

"Sinywi, unajua."

"Basi kunywa maji. Nina wataalamu watatu hapa mezani, nimetengenezewa mpaka muziki maalumu wa shambulio. Unataka nikatangaze nini, mjomba?" Akakata simu.

Nikarudi nyumbani kumuaga dada. Wanawake wa kwetu hawakuwa wameondoka bado, walikuwa wanangoja gari la mwisho. Mureed alishanipigia mara mbili kutoka kwenye msafara: nyamaza, kesho watasahau, nchi hii imesahau makubwa kuliko haya. Dada hakuwa na sherehe tena usoni.

"Naenda kuwaambia," nikasema.

"Ukienda watamshusha mwanangu juu ya farasi."

"Nitasema nilikuwa peke yangu."

"Nani anafanya harusi peke yake, Wasaya?" Akalia, na mimi nikalia, tukiwa na nguo zetu za sherehe kama wapumbavu wawili. "Nilikulazimisha mimi," akasema. "Ulikuwa unakataa, nikakulazimisha." Kisha akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nenda. Lakini pitia njia ya nyuma, msafara usikuone."

Nilivuka daraja la mfereji mbio. Kwenye lango la hoteli waandishi wenzangu walikuwa wamejazana, muuza chai kashawafuata. Mabasi mawili yalikuwa yananguruma uani. Aliyelinda lango alikuwa Inspekta Ghazanfar, tunajuana tangu akiwa konstebo. Nikamvuta pembeni nikamwambia yote. Akabadilika rangi.

"Rudi nyumbani."

"Inspekta, nimekuja kujisalimisha!"

"Jisalimishe kesho! Nimetumia saa nzima kuwaambia ni fataki. Wameanza kukubali. Fataki, unanielewa? Watoto na fataki. Ukifungua mdomo wako utaniharibia kazi."

"Lakini ni uongo."

"Ni uongo wa kuijenga nchi! Wewe ulipotangaza hawajajulikana, ulikuwa unajenga nini?"

Naapa, karibu nigeuke nirudi. Ingekuwa rahisi: wageni wanabaki, Shabbir anaoa, mimi nalala kitandani kwangu. Miguu ilishageuka. Lakini nilishachoka kuudhika kwa ajili ya nchi hii huku naidanganyia, na hasira zangu mnazijua, zikianza hazina breki. Nikapaza sauti pale langoni, kila mtu asikie: "Si fataki! Si magaidi! Ni mimi!"

Wenzangu wakageuka na vikombe vyao mkononi. Na mlango wa hoteli ukafunguka, akatoka mkuu wa usalama wa wageni, jitu refu lenye nywele fupi za mvi, jina lake Colin, na wasaidizi wake wawili. Ghazanfar akanibana kiwiko. Nikajichomoa.

"Risasi zilikuwa zangu," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha barua. "Ni harusi. Mimi ni mjomba wa bwana harusi. Ni furaha, bwana. Furaha tupu." Nikamwekea maganda kiganjani.

Akayahesabu. "Tulisikia tatu," akasema.

"Ni hizo."

"Hakuna kikundi? Hakuna pikipiki?"

"Hakuna! Kuna mjomba tu!"

Akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Karibu atabasamu. Nikaona nimeshinda, nikaona nchi imeshinda. Nikaanza kumweleza kuhusu maembe.

Akaniinulia mkono ninyamaze. Akatoa kitu kwenye mfuko wa shati, kidogo, cha rangi ya shaba, kimepinda ncha. "Risasi hii ilianguka kando ya bwawa la kuogelea saa tisa kasoro," akasema. "Mchezaji wetu mmoja alikuwa amelala kwenye kiti, hatua mbili kutoka hapo. Ana miaka ishirini."

Sikuweza kuishika. Nilipokuwa napiga sikuwahi hata mara moja kujiuliza zinakwenda wapi. Umri wote huu, harusi zote hizi, sikujiuliza.

"Gaidi namjua kazi yake," Colin akaendelea, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Barabara nitaifunga, juu ya paa nitaweka mlinzi. Lakini mjomba nitamzuiaje? Mji huu leo una harusi ngapi?"

Ilikuwa Jumapili, Desemba, msimu wenyewe. Nikafungua mdomo nimjibu. Kabla sijasema neno, upande wa pili wa uwanja wa mpira uliopakana na hoteli ukalipuka mlio, si risasi tatu, ni mfululizo mrefu, kama mtu anayemimina changarawe kwenye karai.

Colin na wasaidizi wake walikuwa chini kabla mlio haujakatika, vifua kwenye kokoto, mikono juu ya vichwa. Sisi wengine tulibaki wima. Ghazanfar alikuwa anakuna sikio. Muuza chai alikuwa anamimina, na hakumwaga hata tone. Mwenzangu mmoja aliuliza kama kuna sukari. Nami pia, wallahi, mimi niliyetoka kuungama sasa hivi, sikutikisika hata kope.

Colin aliinua uso kutoka chini, akatutazama mmoja mmoja tulivyosimama, na vikombe vyetu. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akamwambia Ghazanfar kwa upole, "Waarifu uwanja wa ndege kwamba tunakuja."