Kigoda cha Mjomba na Miche Kumi

Mjomba alikuwa na maoni yake kuhusu kihisi cha mpwa wake, na hakuwa mchoyo wa kuyatoa.

"Miaka minne unasoma," alisema, akimimina chai kutoka kwenye chupa, "ili ujue mche una kiu. Mimi natazama jani tu."

Alikuwa mtunza miche wa chuo, na kigoda chake kilikaa mwanzoni mwa meza ya mpwa wake, mwanafunzi wa uzamivu. Binti huyo alikuwa ametia ndani ya majani chembe za kaboni ndogo kuliko vumbi, zilizovikwa koti la polima. Mche ukikosa maji hutoa homoni. Koti likiinasa, chembe hung'aa chini ya taa maalumu, na skrini huonyesha; hicho ndicho kihisi chenyewe.

Miche kumi, iliyopangwa mezani kwenye makopo, ilikuwa imenyimwa maji siku sita. Yote ilipaswa kung'aa, lakini ilikuwa inang'aa minne tu. Binti alikwisha pika polima upya mara tatu, na Profesa aliyemsimamia alikwisha sema bila kumung'unya maneno: leo mambo yakiwa vilevile, taa inapewa kundi jingine, naye atafute utafiti mwingine.

Profesa alifika saa nne. Aliitazama skrini, akavua miwani. Ishara mbaya hiyo.

"Kimekufa, mwanangu. Pole."

Binti alikuwa akitazama mahali giza lilipoanzia. Mche wa kwanza, giza totoro. Wa pili mpaka wa nne, vivyo hivyo. Wa tano na wa sita, nuru hafifu. Kuanzia wa saba, mwanga mtupu. Giza lilianzia kwenye kigoda na kuishia pale unapoishia mkono wa mtu aliyekaa. Na kwenye kopo la kwanza, sisimizi walikuwa wamejipanga foleni kufuata sukari.

Akisema, Mjomba atafukuzwa kazi. Asiposema, miaka minne imekwenda na maji, tena maji ya chai. Aliinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma.

Mjomba akakohoa.

"Profesa, usimlaumu mtoto. Mimi ndiye nilikuwa nawapa. Kidogo tu, chai ikinibakia. Mtu utakunywaje wenzako wanakutazama?"

Profesa alichovya kidole kwenye udongo wa kopo la kwanza, akakinusa, akarudisha miwani usoni. Ilimchukua muda kuuficha mdomo wake uliotaka kucheka.

"Basi kihisi ni kizima, mzee. Kimekushtaki." Akamgeukia binti. "Taa ibaki. Miche ianze upya. Na hicho kigoda kihamishwe mpaka mlangoni."

Alipotoka, binti alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Wiki nzima, Mjomba. Wiki nzima nalaumu polima, kumbe polima ndiyo pekee humu ndani inayosema kweli."

Mjomba alijaza kifuniko cha chupa chai mpaka juu, akakisukuma mbele ya binti.

"Midomo imekukauka. Tangu jana hujatia kitu tumboni," alisema. "Kukujua wewe sihitaji taa. Kunywa."